Kushuka Ufipa hadi Kabwe kwa siku moja

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili: Tanganyika magharibi, Rukwa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Kabwe, wilayani Nkasi, unakanyaga maji ya Tanganyika kwenye mita 773. Tofauti hiyo ni karibu kilomita nzima, na gari lako litateremka sehemu yake kubwa asubuhi na kuipanda tena jioni. Panga siku yako kwa kuzingatia mteremko huo kabla ya kuhesabu umbali.

Wapo wanaotaka kuyaona maziwa yote mawili kwa mkupuo. Acha. Njia ya Rukwa kupitia Ntendo hadi Muze inateremka milima ya Lyambalyamfipa, nayo inadai siku yake peke yake. Kwa Kabwe, ushauri wangu ni ulale mjini Namanyere usiku wa kuamkia safari, ujaze tangi hapo hapo, na uondoke saa kumi na mbili asubuhi. Lami utaiacha Lyazumbi. Kutoka hapo ni barabara ya vumbi na milima.

Msimu wa safari hii ni kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na udongo ukilowa, tairi zenye vipara hazifai hata kwenye gari linalovuta miguu yote minne. Juni na Julai alfajiri ni baridi kali huku juu, kisha joto linakupokea ziwani. Vaa nguo za kupunguza.

Sasa mteremko. Ingiza gia namba mbili, au namba moja pakiwa pakali zaidi, kabla hujaanza kushuka, na uiache injini ishike gari. Kanyaga breki kwa vipindi. Anayekanyaga breki mfululizo mlima mzima huzichemsha, na zikichemka hukanyaga hadi chini gari lisisimame. Ukinusa harufu ya kuungua, simama pembeni mahali tambarare, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, subiri zipoe, usizimwagie maji. Kamwe usishuke gia ikiwa huru kwa kutaka kuokoa mafuta. Anayepanda na mzigo mpishe, maana akisimama katikati ya mlima kuondoka tena ni kazi. Beba tairi la akiba lenye upepo, jeki, chepe, kamba ya kuvutia na maji ya kutosha watu na rejeta.

Upande huu wa Kabwe kuna Pori la Akiba Lwafi, kwa hiyo usiteremke kwenye gari na kuingia vichakani kutafuta picha. Kutembea kwa miguu subiri ufike Kabwe. Pitia ofisi ya kijiji, jitambulishe, omba mwenyeji wa kukuongoza, mkubaliane malipo mapema. Vilima vya juu ya Kabwe vinatosha kwa saa mbili: unaliona ziwa mbele yako, na upande wa pili ni Kongo, ambako bidhaa za bandari ya Kabwe huvuka. Hapo ndipo mtu anaelewa ukubwa wa ziwa lenye kina cha mita 1,470.

Maji yake ni meupe na yanashawishi, lakini kuna mamba, na kichocho huwapata watu kando ya ziwa hili. Waulize wavuvi kabla ya kuoga popote. Ukipanda boti, vaa jaketi la kuokolea na uende asubuhi, kabla upepo haujachachamaa. Mchana kula migebuka. Mimi sijui samaki wa kukaanga anayewazidi.

Saa tisa alasiri uwe barabarani, kwani giza huingia karibu saa moja jioni na mlima wote bado uko mbele yako. Kabla hujaondoka Namanyere asubuhi, mwachie mtu jina la njia yako na saa ya kurudi, na ukirudi mpigie simu.