Sevo ya Trei za Mayai Ikishtuka: Kusaka Kosa la Mapigo kwenye Arduino

Mwongozo huu ni wa fundi wa Bariadi, Maswa au Meatu aliyejiundia mashine ya kutotolesha vifaranga kwa Arduino Uno R3, kihisi cha DHT22 na sevo ya MG996R inayogeuza trei, vyote vikitumia betri ya sola ya volti 12. Dalili ni moja: trei zimetulia, ghafla sevo inashtuka, inatulia, inashtuka tena. Usikimbilie kuagiza sevo nyingine Mwanza. Mara nyingi iliyopo ni nzima.

Istilahi tatu zitarudi. *Pigo* ni muda ambao pini iko volti 5. Upana wake ndio unaoiambia sevo isimame wapi. Mikrosekunde 1,500 ni katikati, na pigo hurudiwa kila milisekunde 20. *Taima* ni saketi ya kuhesabu iliyo ndani ya chipu. *Ukatizaji* ni chipu kuacha kazi iliyonayo, kuhudumia tukio la haraka, kisha kurejea.

Vifaa: multimita, lojiki analaiza ya chaneli 8, laptop yenye PulseView, kishusha volti cha 5 V chenye uwezo wa ampea 3, na kapasita ya mikrofaradi 470, volti 16.

1. Toa mayai yote, kisha fungua mkono wa sevo kutoka kwenye trei. Sevo inayoshtuka huvunja mayai.

2. Tenga umeme wa sevo. Ilishe kutoka kwenye kishusha volti, si kwenye pini ya 5V ya Arduino. Unganisha GND zote pamoja. Weka kapasita karibu na sevo, hasi kwa hasi. Pima volti kwenye waya za sevo ikiwa inazunguka: isishuke chini ya 4.8. Mshtuko ukikoma, kosa lilikuwa la umeme, ishia hapa.

3. Andika saa ya kila mshtuko kwa dakika tano. Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayorukwa zaidi. Tuseme kodi husoma DHT22 kila sekunde 2. Nafasi kati ya mishtuko ikiwa 2, 4, 6 au 8, mshukiwa umempata. Mthibitishe: badili usomaji uwe kila sekunde 5, usiguse kitu kingine. Nafasi zikigeuka 5, 10, 15, chanzo ni usomaji wa kihisi.

Sababu ni hii. Laibrari ya Servo hufunga pigo kwa ukatizaji. Laibrari ya DHT nayo huzuia ukatizaji kwa milisekunde 4 hivi ili ipokee biti 40 bila kusumbuliwa. Mwisho wa pigo ukiangukia ndani ya kizuizi hicho, pini hubaki juu hadi kizuizi kiondoke. Ndiyo maana si kila usomaji huleta mshtuko.

4. Rekodi mapigo. Unganisha D0 ya lojiki analaiza kwenye pini 9 ya Arduino, inayotoa mapigo ya sevo, na GND kwa GND. Weka sampuli megahezi 1, rekodi sekunde 60. Tafuta pigo pana kuliko mengine. Multimita haifai hapa: husoma wastani wa volti 0.38 na kulificha pigo moja baya.

5. Ondoa laibrari ya Servo na kila mstari unaoiita. Weka mistari hii ndani ya `setup()`, kwa mpangilio huu huu:

`pinMode(9, OUTPUT);`
`TCCR1A = 0;`
`TCCR1B = 0;`
`TCNT1 = 0;`
`OCR1A = 2999;`
`TCCR1A = _BV(COM1A1) | _BV(WGM11);`
`TCCR1B = _BV(WGM13) | _BV(WGM12);`
`ICR1 = 39999;`
`TCCR1B |= _BV(CS11);`

ICR1 haiandikiki kabla ya biti za WGM kuwekwa. Ukipindua mpangilio, mzunguko utakuwa mbaya. Hesabu: megahezi 16 ukigawanya kwa 8 ni hesabu 2,000,000 kwa sekunde. Hesabu 40,000 ni milisekunde 20. Hesabu 3,000 ni mikrosekunde 1,500. Kwenye ICR1 na OCR1A zote zinapungua moja kwa sababu taima huanzia sifuri. Sasa taima yenyewe ndiyo inayofunga pigo, ukatizaji uwepo usiwepo.

6. Rudia hatua ya 4, DHT22 ikiendelea kusomwa. Kila pigo liwe kati ya mikrosekunde 1,492 na 1,508. Tofauti hiyo ni ya saa ya Uno R3, ambayo si sahihi kama ya kristali. Ukiona pigo pana bado, tafuta kwenye kodi `digitalWrite(9` au `analogWrite(9`, ufute.

7. Geuza trei polepole. Badili OCR1A kwa hesabu 10 kila milisekunde 20. Thamani mpya huanza kutumika mzunguko unaofuata, kwa hiyo hakuna pigo litakalokatwa katikati.

8. Rudisha mkono wa sevo, endesha mashine tupu usiku mzima, kisha panga mayai. Kwa mayai ya kuku, zima ugeuzaji siku ya 18. Vifaranga hutoka siku ya 21.