Punje kwa Ndege: Sadaka au Takataka?

Bwana wetu Yesu Kristo alipotaka kuwaondolea wanafunzi wake hofu, hakutaja tai wala mbuni. Alimtaja shomoro, ndege wa bei ya chini kabisa sokoni, akafundisha ya kuwa hata huyo hasahauliwi na Mungu. Mafundisho hayo yamo katika Injili ya Luka, sura ya 12. Basi juma hili tujifunze jambo dogo litendwalo na watoto wetu: kuwatupia ndege punje bustanini. Je, ni jema? Na likiwa jema, litendwe namna gani?

Mtakatifu Fransisko wa Assisi, aliyefariki mwaka 1226, alilipenda sana. Tomaso wa Celano, aliyeandika habari za maisha yake katika karne hiyo hiyo, asimulia ya kuwa Fransisko alitamani kumwomba Kaisari atoe amri, watu wamwage nafaka njiani siku ya Noeli ili ndege nao wafurahi. Lakini tuangalie: pamoja na hayo alitaka siku hiyo matajiri wawashibishe maskini wenye njaa. Hakuwatenga ndege, wala hakuwatanguliza mbele ya watu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo yafundisha vivyo hivyo: wanyama wastahili wema wetu, ila si haki kuwatumia wao fedha ipasayo kwanza kupunguza taabu za wanadamu. Kwa hiyo konzi ya mtama kwa ndege haina ubaya, mradi jirani hajalala na njaa.

Mkulima wa mpunga au wa uwele atauliza: “Mwanifundisha kuwalisha wezi wangu?” Hoja yake ni ya haki. Kwelea kwelea mmoja aweza kumaliza kadiri ya gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, basi, lamaliza tani 10. Lakini si kila ndege ni kwelea kwelea. Tetere huokota punje zilizokwisha kuanguka chini. Shomoro, ingawa hula mbegu, huwatafutia makinda wake viwavi na wadudu wengine, na hivyo huipunguzia mboga adui. Hata hivyo, penye shamba lenye masuke yanayokomaa tusiwazoeze ndege kuja kula. Wema usiomfikiria jirani si wema kamili.

Sasa tufikie jambo kubwa zaidi. Wengi wetu huwatupia ndege nafaka iliyoota ukungu, tukisema ya kuwa haiwafai watu tena. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Wataalamu walipochunguza, waliona ya kuwa chakula chao kilikuwa na karanga zenye sumu itokayo katika ukungu. Ndiyo sumu tuiitayo leo sumukuvu. Haiondoki kwa kupikwa kwa kawaida, na huharibu ini la ndege na la mwanadamu pia. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yenye sumu hiyo. Basi nafaka ya namna hiyo asipewe ndege, asipewe kuku, wala asiuziwe mtu. Ifukiwe mbali. Kumpa kiumbe cha Mungu kilichooza si sadaka. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliomtolea Mungu wanyama vilema na wagonjwa.

Mwenye kutaka kuwalisha ndege na ashike haya:

1. Atoe nafaka kavu na safi, kama mtama, uwele au chenga za mchele, isiyotiwa chumvi.

2. Asitoe kamwe mbegu za kupanda zilizopakwa dawa. Aghalabu hutambulikana kwa rangi yake.

3. Atoe kidogo, kiasi cha kumalizika siku ile ile, ili panya wasije usiku.

4. Aweke chombo cha maji yasiyo na kina, akiyabadili kila siku, na chombo cha chakula kioshwe mara kwa mara, kwani maradhi huenea ndege wakusanyikapo.

5. Afanye hayo mbali na banda la kuku, maana ndege wa porini waweza kuleta mdondo. Na kuku wapate chanjo yao.

Wazazi wapendwa, mtoto anayemlisha ndege hawezi kwa moyo ule ule kumpiga manati kwa mchezo. Na mtoto aliyezoea kuchagua punje njema kwa ajili ya ndege atajua, siku maskini abishapo hodi, ya kuwa hapewi makombo.

Maswali ya nyumbani: Je, ghala yetu ni kavu? Nafaka yetu yaanikwa juu ya turubai au juu ya udongo mtupu? Na ni nani kati ya jirani zetu apaswaye kupata fungu lake kabla ya ndege?