Kidonda cha Gaafa Daba

Hapa Garbatulla wazee bado wanataja Gaafa Daba, wakati wa kusimamishwa. Ni vita vya Shifta, 1963 hadi 1967: watu walikusanywa kambini kwa nguvu na mifugo ikaisha.

Mama mmoja, mtoto wa siku zile, alikuwa halali, kichwa kinamuuma, na vidonge wapi! Sisi tulikosea, tukamwendea na kalamu na maswali. Akanyamaza. Majirani ndio waliokaanga buni kwa samli, wakakaa naye kila jioni, wakamtekea maji. Mwezi wa tatu akamtaja babake, mwenyewe.

Basi msiulize, “Ulifanywa nini?” Ulizeni usiku analala na nani. Akilia, msimnyamazishe. Akisema hataki kuishi, msimwache peke yake; mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.