Rangi za Uga wa Maandishi na Upatanisho wa Kisarufi: Mfano wa Programu ya Mshonaji wa Makina

Mjadala kuhusu Kiswahili na tarakilishi umezoea kuanza na kuishia kwenye istilahi. Huyu husema tarakilishi, yule husema kompyuta. Mmoja apendelea kipanya, mwenzake puku. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo ikatayarisha sura ya Kiswahili ya Windows XP. Kazi hizo zilihitaji orodha ndefu za maneno, na wanaisimu wakashughulika nazo ipasavyo. Lakini maneno si lugha yote. Iko pembe ambako sarufi yenyewe hukutana na programu, na aghalabu hukutana nayo kwa kugongana. Makala haya yanachunguza pembe moja tu: rangi za uga wa maandishi, yaani kile kisanduku kwenye kiwambo ambamo mtumiaji huandika jina lake, nambari ya simu au kiasi cha fedha.

Na ichukuliwe Makina kuwa mahali pa mfano. Makina ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, Nairobi, na ni makao ya kale ya Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles. Jina Kibra lenyewe ni la Kinubi na maana yake ni msitu. Mtoto wa Makina aweza kusema Kinubi, Kiluo au Kiluhya nyumbani, Sheng kichochoroni, Kiingereza darasani na Kiswahili kila mahali pengine. Iwapo kijana wa hapo ataunda programu ya kuwekea kumbukumbu za wateja wa mshonaji, kwa maana ya jina, kipimo cha kifua, urefu wa mkono na malipo ya awali, lugha itakayowafaa wote watakaoitazama ni Kiswahili. Kipimo kikiingizwa vibaya na mshonaji asitambue, kitambaa cha watu kimeharibika.

Kwa hiyo mwundaji huamua kwamba uga wenye kosa ubadilike rangi. Katika lugha ya Python, kwa kutumia maktaba ya Tkinter, jambo hilo halizidi mistari michache:

import tkinter as tk
dirisha = tk.Tk()
kifua = tk.Entry(dirisha, bg="#FFFFFF", fg="#000000")
kifua.pack()
kifua.config(bg="#FFE0E0")
dirisha.mainloop()

Mstari wa tatu waunda uga: bg ni rangi ya usuli, fg ni rangi ya maandishi. Mstari wa tano ndio unaougeuza usuli kuwa mwekundu hafifu. Katika programu kamili ungetekelezwa pale tu kosa linapogunduliwa. Alama zinazofuata reli (#) ni jozi tatu za tarakimu za mfumo wa kumi na sita: jozi ya kwanza ni kiasi cha wekundu, ya pili ukijani, ya tatu ubuluu. Kila jozi yaanzia 00, ambayo ni sifuri, hadi FF, ambayo ni 255. Kwa hesabu hiyo hupatikana rangi 16,777,216, idadi ambayo hakuna lugha ya binadamu iliyojaribu kuipa majina. Ikumbukwe kuwa mpangilio huo si wa lugha zote za programu. Katika Visual Basic 6, iliyotolewa mwaka 1998, jozi hugeuzwa: ubuluu hutangulia na wekundu huja mwisho. Anayenakili FF0000 humo akitarajia uga mwekundu hupata wa buluu, na huenda akamaliza mchana mzima akitafuta kosa mahali ambapo halipo.

Uga, isitoshe, hauna rangi moja wala mbili. Una rangi ya kile kijistari kinachowaka na kuzima mahali pa kuandikia, rangi ya maandishi yaliyoteuliwa, na rangi nyingine kabisa uga unapofungwa usiandikwe. Katika Tkinter uga uliofungwa haufuati bg, hutii disabledbackground. Wengi hujikwaa hapa. Kosa kubwa zaidi ni kubadili rangi moja na kuiacha ya pili mikononi mwa mfumo. Mtumiaji aliyechagua sura nyeusi ya kiwambo chake huweza kuwa na maandishi meupe kama chaguo-msingi. Mwundaji akilazimisha usuli mweupe na kusahau maandishi, mshonaji ataandika jina zima bila kuona hata herufi moja.

Suala la kuonekana lina vipimo vyake. Mwongozo wa ufikivu uliotolewa na shirika la W3C mwaka 2008 uliandikwa kwa ajili ya kurasa za wavuti, lakini hesabu yake yafaa hata nje ya wavuti: maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya usuli wake. Weusi juu ya weupe hufikia 21 kwa 1. Wekundu kamili juu ya weupe, ambao wengi huuona kuwa mkali, hufikia takriban 4 kwa 1 tu, na hivyo hautoshi. Manjano kamili juu ya weupe hayafiki hata 1.1 kwa 1. Ndiyo maana katika mfano uliotangulia maandishi yaliachwa meusi na usuli pekee ukabadilishwa: uwiano wake ni karibu 17 kwa 1.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Mwundaji hutaka programu imwambie mshonaji kilichotokea, naye huandika kiunzi cha sentensi chenye nafasi mbili: jina la kitu, kisha neno «ni», kisha rangi. Katika Kiingereza kiunzi hicho hakina tatizo, kwa kuwa kivumishi cha rangi hakibadiliki. Katika Kiswahili huzaa «Kisanduku cha jina ni nyekundu», sentensi ambayo mwanafunzi wa darasa la nne hukatwa alama kwayo. Kanuni yataka kisanduku chekundu, uga mwekundu, nyuga nyekundu, maandishi mekundu, jedwali jekundu. Neno moja la rangi limekuwa matano.

Tena si rangi zote zinazofuata njia hiyo. Vivumishi vya rangi vyenye mashina yanayopokea viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zimekopwa kutoka kwa vitu: kijani kutoka jani, kijivu kutoka jivu, kahawia kutoka kahawa, manjano kutoka kiungo cha jikoni, zambarau kutoka tunda. Hizo hudai kihusishi -a, nacho ndicho kinachobeba ngeli: uga wa kijani, kisanduku cha kijani, maandishi ya kijani. Mgawanyiko huu unawiana na nadharia ya Berlin na Kay ya mwaka 1969, iliyodai kwamba lugha hutangulia kupata majina ya weusi na weupe, kisha wekundu, ndipo zifuate nyingine. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozichunguza moja kwa moja. Nadharia hiyo imepingwa na wengi, na kwa haki, ila katika sarufi ya Kiswahili mpaka uliopo baada ya wekundu ni bayana.

Mwundaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kuihifadhi ngeli ya kila kitu ndani ya programu pamoja na umbo la kila rangi kwa kila ngeli. Ni kazi ya haki, na mwanafunzi wa isimu angeifurahia, lakini kwa programu ya mshonaji ni kuchinja ng'ombe kwa hamu ya maini. Ya pili ni kuikimbia sentensi na kuandika «Rangi: nyekundu». Kwa kuwa rangi ni nomino ya ngeli ya I-ZI, kivumishi hubaki nyekundu daima, na kijani hubaki kijani.

Iko hoja inayozipiku zote mbili. Takriban mwanamume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hutatizika kutofautisha wekundu na ukijani. Kwingineko kiwango huwa cha chini, ila hakuna jamii isiyo na watu wa aina hiyo. Kwao taarifa kwamba kisanduku ni chekundu haisaidii, hata upatanisho wake uwe sahihi. Anachohitaji mshonaji ni maneno chini ya uga: «Kipimo cha kifua hakijaandikwa.» Hata hapo ngeli imo: kipimo hakijaandikwa, jina halijaandikwa, nambari haijaandikwa, malipo hayajaandikwa. Kijana wa Makina atalazimika kuziandika sentensi hizo moja moja, kwa mkono, uga baada ya uga.