"Kauza Mechi!" Je, Una Uhakika?

Hebu fikiri uko kijiweni Jumamosi jioni. Redio imewekwa juu ya meza ya muuza kahawa. Dakika ya 88, timu yako inaongoza kwa goli moja. Mtangazaji anapandisha sauti: krosi, kipa anatoka, mpira unamponyoka, goli! Kabla refa hajapuliza filimbi ya mwisho, kesi imeshasikilizwa na hukumu imetolewa.

"Yule kauza mechi!"

"Kapewa kitu kidogo, nani hajui?"

"Tangu anunue gari anajisikia."

"Mimi nilisema zamani, lile ni garasa tu."

Sasa jiulize: kati yenu nyote pale kijiweni, nani aliyeuona mpira wenyewe? Hakuna. Mmesikia redioni.

Usinielewe vibaya, kijana mwenzangu. Mimi mwenyewe ni shabiki wa siku nyingi. Timu yangu siitaji hapa, nisije nikapoteza nusu ya wasomaji. Najua jinsi moyo unavyouma mnapofungwa na watani, na najua jinsi Jumatatu inavyokuwa ndefu shuleni. Lakini katika ukurasa huu wa afya nataka tuzungumze juu ya mtu mmoja ambaye huwa tunamsahau: yule mchezaji aliyeboronga. Ana mwili kama wewe. Anaumwa kama wewe. Na jinsi tunavyomhukumu yeye ndivyo tunavyomhukumu mwenzetu tunayekaa naye dawati moja.

Nianze na dhambi yangu. Nilipokuwa kidato cha tatu, timu ya shule yetu ilifika fainali ya wilaya katika michezo ya UMISSETA. Tulikuwa na uhakika wa kombe. Kipa wetu akafungwa magoli manne, mawili kati ya hayo ya kizembe kabisa. Moja lilimpita tobo. Tulimzomea kuanzia uwanjani hadi bwenini. Usiku ule alipoingia bwaloni, mtu mmoja akaanza kugonga sahani na kijiko. Wa pili akafuata, na mwishowe bwalo zima likawa linagonga. Kukawa na habari kwamba amehongwa soda na chipsi na wapinzani wetu. Soda na chipsi! Na tuliamini.

Jumatatu alibebwa kupelekwa zahanati. Malaria. Homa ilikuwa imemshika tangu Ijumaa usiku, akanyamaza kwa sababu kipa wa akiba alikuwa ameumia kidole, na kwa sababu aliogopa kuitwa mwoga. Alisimama golini dakika 90 huku anatetemeka, na sisi tukaona uzembe. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi, na mimi nikiwemo. Hakucheza tena mpaka tulipomaliza shule.

Kipa wa Kyiv

Pengine utasema hayo ni mambo ya shule za bweni. Basi twende kwenye mechi iliyotazamwa na dunia nzima. Tarehe 26 Mei 2018, mjini Kyiv, Ukraine, Real Madrid na Liverpool walikutana katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Kipa wa Liverpool alikuwa Mjerumani, Loris Karius. Mapema kipindi cha pili aligongwa kichwani kwa kiwiko cha beki wa Madrid, Sergio Ramos. Aliinuka akaendelea kucheza. Dakika chache baadaye alitaka kuurusha mpira kwa mkono kwa mwenzake, kumbe Karim Benzema yuko mbele yake. Mpira ukagusa mguu wa Benzema ukaingia golini. Dakika ya 83 Gareth Bale akapiga shuti la mbali, likampita Karius mikononi. Madrid 3, Liverpool 1.

Baada ya mechi alikwenda mbele ya mashabiki wake akilia, akaunganisha viganja kuomba msamaha. Hiyo haikuzuia watu kumtumia vitisho vya kuuawa.

Siku tano baadaye alipimwa na wataalamu katika hospitali ya Massachusetts General, Boston, Marekani. Wakasema alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo, na kwamba uwezo wa macho yake kupima umbali na mahali vitu vilipo ulikuwa umepungua, yaelekea tangu pale alipogongwa. Hawakusema kwamba magoli yale yalitokana na hilo kwa asilimia mia. Walisema huenda liliathiri uchezaji wake. Mashabiki wengi walifanya nini? Walicheka. "Visingizio hivyo!" Liverpool wakamnunua kipa mwingine mwezi Julai, na Karius akatolewa kwa mkopo kwenda Uturuki.

Mimi sijui kipa yule angecheza vipi bila kugongwa. Lakini angalia mfuatano wa mambo: hukumu ilitoka Jumamosi usiku, daktari alimwona Alhamisi.

"Mbona akitukanwa anabadilika?"

Hapa ndipo mashabiki wengi hunishinda kwa hoja. Wanasema: "Sista, wewe unatetea tu. Wiki iliyopita tulimzomea yule straika, wiki hii kafunga mawili. Matusi ni dawa!"

Usinijibu bado. Kwanza fanyeni jaribio hili darasani au uwanjani, wanafunzi kama 20. Wekeni ndoo chini. Kila mmoja asimame hatua nne kutoka kwenye ndoo, aipe mgongo, arushe nyuma karatasi iliyofinyangwa bila kugeuka. Pimeni karatasi imeanguka umbali gani kutoka kwenye ndoo, andikeni. Halafu wachukueni watano waliokosa vibaya kuliko wote, muwazomee kwa utani kadiri mnavyoweza. Watano waliokaribia zaidi wapigieni makofi na vigelegele. Sasa wote warushe mara ya pili, pimeni tena.

Mtaona kitu cha ajabu. Wengi wa waliozomewa watasogea karibu na ndoo. Wengi wa waliopongezwa watakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo matusi yanafundisha na sifa zinaharibu? Rudieni jaribio siku nyingine bila mtu yeyote kusema neno. Itatokea vile vile!

Sababu ni hii. Kila mtu ana kiwango chake cha kawaida, na bahati humpandisha au kumshusha siku hadi siku. Anayefanya vibaya kupita kiasi leo, mara nyingi bahati pia ilimkataa. Kesho atarudi karibu na kawaida yake, umtukane usimtukane. Na anayecheza kama malaika leo, kesho atashuka kidogo hata ukimbeba mabegani. Sisi tunazomea pale mtu alipofika chini kabisa, mahali ambapo njia iliyobaki ni ya kupanda, halafu akipanda tunajipa sifa. Mtaalamu wa saikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia kwamba aliligundua jambo hili alipokuwa akizungumza na wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israeli. Nao walikuwa na hakika kwamba kugombeza ndiyo dawa, kwa sababu rubani aliyegombezwa mara nyingi aliruka vizuri zaidi mara iliyofuata.

(Walimu wangu wa hisabati wa zamani wakiusoma ukurasa huu, natumaini watafanya jaribio la ndoo.)

Kuna straika mmoja ningependa umfahamu. Mwaka 1980 Paolo Rossi wa Italia alifungiwa katika kashfa ya kuuza mechi, ingawa yeye alikana siku zote kwamba alihusika. Alikaa nje miaka miwili. Alirudi muda mfupi tu kabla ya Kombe la Dunia la 1982 kule Hispania, amekonda, pumzi haitoshi. Mechi ya kwanza hakufunga. Ya pili hakufunga. Ya tatu, ya nne, hakuna kitu. Magazeti ya kwao yakataka atolewe. Kocha Enzo Bearzot akamwacha. Tarehe 5 Julai Italia ikaifunga Brazil 3-2, na yote matatu alifunga Rossi. Akaongeza mawili dhidi ya Poland na moja katika fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi. Magoli sita, mfungaji bora, kombe likaenda Italia.

Naona unataka kuniuliza: je, kila garasa ni Rossi? La. Wako wachezaji ambao kiwango chao ni kidogo tu, na mechi kuuzwa hutokea kweli. Ninachokuambia ni kwamba mechi nne hazitoshi kukuonyesha tofauti, na goli moja ulilolisikia redioni ndiyo kabisa.

Kelele zinapoingia mwilini

Mtu anapozomewa, mwili wake hufanya kama umeona simba, na hapa simaanishi wale wa Msimbazi. Moyo hwenda mbio, misuli hukaza, viganja hutoka jasho. Kwa mtu anayetakiwa kukimbia, si mbaya sana. Lakini kudaka mpira au kupiga penalti ni kazi ambayo mwili umeizoea mpaka unaifanya bila kufikiri, kama wewe unavyopanda baiskeli. Mwenye hofu huanza kufikiri: mguu niuweke wapi, mkono niukunje vipi? Jaribu kufikiria kila hatua unaposhuka ngazi kwa haraka, utaona utakavyojikwaa.

Tena hofu ya hukumu hubadilisha hata maamuzi. Mwaka 2007 watafiti wa Israeli wakiongozwa na Michael Bar-Eli walichapisha uchunguzi wa penalti 286 za ligi kubwa. Makipa walibaki katikati mara 6 tu katika kila 100. Zilizobaki waliruka kushoto au kulia. Lakini mipira iliyopigwa katikati ilikuwa karibu 29 katika kila 100, na kipa aliyebaki katikati alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuokoa. Sasa kwa nini wanaruka? Wewe mwenyewe unajua. Kipa akiruka akafungwa, tunasema "amejitahidi". Akisimama akafungwa, tunasema "kasimama kama mlingoti, kala hela". Basi anaruka. Anaruka kwa ajili yetu, na mpira unapita pale alipokuwa amesimama.

Unaweza kukasirika bila kufika huko. "Alichelewa kutoka golini" ni neno la mpira. Hata kocha atalisema. "Msaliti yule" ni neno juu ya utu wake, na hulijui. Kama unataka kumhukumu straika wenu wa shule, chukua daftari, mechi tano, uandike alipewa mpira mara ngapi ndani ya boksi. Mimi nimewahi kufanya hivyo na klabu moja ya vijana tuliyokuwa tukiifundisha masuala ya afya. Yule waliyemwita mzigo alikuwa amepata pasi tatu katika mechi nzima.

Mwenzako akigongwa kichwa

Hili lichukulie kwa uzito, maana linaweza kutokea kesho katika uwanja wenu. Mchezaji aliyegongwa kichwa si lazima azimie ndipo awe ameumia ubongo. Muulize: tunacheza na nani? Nani amefunga? Ukimwona anajibu vibaya, anayumba, anaona vitu viwili viwili, kichwa kinamuuma, anasikia kichefuchefu au anakodoa macho tu, atoke nje na asirudi siku hiyo hata kama mko fainali. Kumwagia maji na kumwambia "kaza, mwanaume" si matibabu. Asiachwe peke yake, asilale bila mtu wa kumwangalia, na aonwe na mhudumu wa afya kabla ya kucheza tena. Akitapika tena na tena, akiwa na usingizi asioamshika, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au maumivu yakizidi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Na mwenye homa vile vile asicheze. Apimwe kwanza.

Mwaka jana nilikutana na yule kipa wetu kituo cha daladala. Ana duka la vifaa vya umeme, ana watoto wawili. Tukaongea habari za shule, walimu, maharage ya bwaloni. Nikaona nisilikwepe. Nikamwambia, "Kaka, nisamehe kwa vile vijiko." Akacheka kidogo, halafu akaniangalia kama mtu anayehesabu upya.

"Kumbe na wewe ulikuwa unagonga?"