Walichokuwa Wakicheka Majirani Zangu: Mafunzo Niliyopata

1. Kichekesho cha siasa hakikolei kwa asiyejua habari zake

Mimi ni mtu wa Hombo, mashariki mwa Kongo, pale barabara ya Bukavu kwenda Kisangani inapovuka mto na kuiacha Kivu Kusini kuingia Walikale. Vita vilivyoanza 1998 vilinisukuma hadi Nairobi, na huko ndiko nilikoanza kutazama Redykyulass, kipindi cha vichekesho vya siasa, kwenye Nation TV, pamoja na majirani wa ploti. Chumba kizima kilikuwa kikiangua kicheko kabla mchezaji hajafungua kinywa. Kiingereza chao kilinishinda, lakini hata sehemu za Kiswahili nilizozishika neno kwa neno hazikunichekesha. Jirani mmoja, mwalimu mstaafu, akaniambia, "Ndugu yangu, hiyo tunayoicheka tumeiishi."

2. Kila alichoshika mwigaji kilikuwa na mwenyewe

Vijana watatu wa Redykyulass, Walter Mong'are aliyejulikana kama Nyambane, Tony Njuguna na John Kiarie, walitoka Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nyambane alimwiga Rais Daniel arap Moi kwa ile sauti nzito yenye kukwaruza. Mwalimu akanifungulia fumbo moja moja. Moi alikuwa haonekani hadharani bila rungu lake. Kidole kimoja kilichoinuliwa juu kilikuwa saluti ya KANU, chama tawala. Taarifa ya habari ya redio ya taifa ilianza na Mtukufu Rais, hata kama siku hiyo alikuwa ameenda kanisani tu. Maziwa ya Nyayo yaligawiwa watoto shuleni kuanzia 1979, na mtu mzima aliyeyanywa utotoni hawezi kuyasikia yakitajwa asitabasamu.

Kilichonifumbua macho zaidi ni hotuba ya 1984. Moi aliwataka mawaziri wake waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama yeye naye alivyouimba wa Kenyatta wakati wake. Baada ya kusimuliwa hotuba hiyo, sikuhitaji tena kuulizia maana kila nilipoona wasaidizi wa rais wa kuigiza wakiitikia kwa vichwa jambo ambalo hata halijamalizika kusemwa.

Mwalimu hakuishia kwenye ya kuchekesha. Siku moja tulipita Nyayo House, lile jengo refu kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Akanieleza kwamba katika miaka ya 1980 watu walifungiwa na kuteswa katika vyumba vya chini ya jengo hilo, wengine kwa kushukiwa tu kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Tangu hapo nilielewa kwa nini wazee wa ploti walicheka kwa nguvu kuliko vijana. Sauti iliyowatisha kwa miaka mingi ilikuwa sasa kinywani mwa mwanafunzi, na hakuna aliyekuja kumkamata.

3. Uhuru huo wa kucheka ulikuwa umelipiwa

Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilipigwa marufuku 1977, na mwisho wa mwaka huo huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Vyama vingi viliruhusiwa tena Desemba 1991. Ninawaheshimu sana akina Nyambane, lakini nawaheshimu zaidi waliotangulia kufungwa.

4. Vikaragosi navyo huzeeka

Mwaka 2009 ulikuja XYZ Show, vikaragosi vilivyobuniwa na mchora katuni Mtanzania, Gado, kwa mfano wa Les Guignols wa Ufaransa. Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila walikuwemo, na nyuma yao ile serikali yao ya kugawana madaraka, ya "nusu mkate", iliyotokana na mapatano ya Februari 2008, baada ya watu zaidi ya 1,000 kuuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Kijana wa leo anahitaji kuelezwa hata hayo.

5. Na sisi tulikuwa na yetu

Hili ndilo linaloniuma. Nilimjua Moi wa kuigizwa vizuri kuliko nilivyoweza kumweleza mtoto wa Hombo habari za Mobutu wa kweli, rais wetu wa zamani. Televisheni ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa enzi zake, ilifungua habari kwa uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Palikuwa na kofia ya ngozi ya chui, na fimbo. Palikuwa na vazi la abacost lililofukuza koti na tai, majina ya Kikristo yaliyokatazwa mwaka 1972, kazi ya lazima ya Salongo, na wanafunzi waliochezeshwa ngoma za kumsifu Kiongozi na chama chake cha MPR. Kisha Aprili 1990, akitangaza mwisho wa chama kimoja, Mobutu akatokwa na machozi mbele ya kamera. Mchekeshaji gani angebuni zaidi ya hayo?

Hombo ya utoto wangu haikuwa na televisheni. Hayo mawingu tulisimuliwa na waliofika Bukavu. Lakini Salongo ilifika, na ngoma zilifika. Nina hakika mizaha nayo ilikuwepo, kwa Kitembo na kwa Kiswahili, barazani na mashambani, na haikurekodiwa na mtu. Kwa hiyo nimeanza na wazee wa sokoni, wa ng'ambo zote mbili za mto, nikiwa na daftari. Ninamuuliza kila mmoja: enzi zile mlikuwa mkimcheka nani, na mlikuwa mkijificha wapi kucheka?