FIZIKE: SAA YA RESORI NA MAADUI YAKE WANNE

Wandugu wanafunzi, katika darasa la fizike tunasoma juu ya joto, uzito, msuguano na sumaku. Pengine mmoja anauliza: mambo haya yatatusaidia nini? Leo tuangalie kitu kidogo ambacho mambo haya manne yanakipiga vita usiku na mchana. Ni saa ya mkono isiyo na batri, ile ya resori.

Inatembea namna gani?

Ndani yake muna resori iliyokunjwa katika kikopo. Ukiikaza, inataka kujifungua, na hivi inasukuma magurudumu yenye meno. Lakini ikiachiliwa bure, itajifungua mara moja na kazi itakwisha. Kwa hiyo iko mlinzi, kipande kinachoitwa nanga, anayefunga na kufungua njia kidogo kidogo. Nanga nayo inaongozwa na gurudumu la mizani, lenye resori nyembamba kama unywele. Mholanzi Christiaan Huygens alitangaza resori hiyo mwaka wa 1675.

Katika saa nyingi za leo, gurudumu la mizani linapiga mara 8 kwa sekunde. Fanyeni hesabu: ni mara 691 200 kwa siku moja. Na siku ina sekunde 86 400. Saa ikikosa sekunde 10 kwa siku, imekosa sehemu moja tu juu ya 8 640. Nani kati yetu anapata pointi kama hizo?

Adui wa kwanza: joto

Chuma cha pua kikipata joto, resori ya unywele inalegea na saa inachelewa, karibu sekunde 10 kwa siku kwa kila digrii moja. Mswisi Charles-Édouard Guillaume alichanganya chuma na nikeli. Mwaka wa 1896 akapata invari, madini isiyopanuka karibu hata kidogo. Nyuma yake akapata elinvari, ambayo nguvu yake ya resori haibadiliki kwa joto. Mwaka wa 1920 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizike.

Adui wa pili: uzito

Saa ya mfukoni inasimama wima siku nzima, na uzito unavuta gurudumu la mizani upande mmoja. Abraham-Louis Breguet, mzaliwa wa Neuchâtel, alipata hati yake Paris mwaka wa 1801 kwa dawa hii: kutia nanga na mizani ndani ya kizimba kinachozunguka, ili makosa ya upande huu yafute makosa ya upande ule. Akakiita turbiyoni, ni kusema kisulisuli. Lakini mkono wa mtu unageuka-geuka wenyewe, basi katika saa ya mkono faida yake ni ndogo. Matajiri wanalipa bei kali zaidi juu ya ufundi wake.

Adui wa tatu: msuguano

Nanga inateleza juu ya meno ya gurudumu, kwa hiyo inapashwa kupakwa mafuta. Mafuta yanakauka, na saa inapoteza nguvu. Mwingereza George Daniels, katika miaka ya 1970, alibuni nanga ya namna mpya ambayo inasukuma zaidi kuliko kuteleza. Fabriki hazikumpokea upesi. Ni mwaka wa 1999 tu Omega ilianza kuuza saa zenye nanga yake.

Adui wa nne: sumaku

Redio, simu, hata mifuko ina sumaku leo. Resori ya chuma ikishikwa nayo, saa inakimbia ovyo. Mwaka wa 2001 Ulysse Nardin ilitoa saa yenye magurudumu ya silisiumu, kitu kisichoshikwa na sumaku, chepesi, kisichohitaji mafuta. Tangu 2015 Omega inauza saa zilizopimwa katika sumaku ya gausi 15 000.

Na saa za batri?

Mwaka wa 1969 Seiko ya Japani ilileta saa ya kwarzi, yenye kukosa sekunde 5 tu kwa mwezi. Kule Uswisi, watu karibu 90 000 walikuwa wakifanya kazi ya saa mwaka wa 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki 30 000 na kidogo. Saa ya resori haikushinda kwarzi kwa usahihi, na mpaka leo haijashinda. Iliponea sababu watu waliendelea kupenda kazi ya mikono.

Lakini hapa tufikiri. Resori ya chuma ikipindika, fundi mwenye mikono mizuri anaweza kuinyoosha. Silisiumu hainyooshwi: inavunjika, na kipande kingine kinatoka fabriki tu. Basi saa imeendelea mbele, lakini fundi amepoteza sehemu ya kazi yake. Tena resori kubwa za leo mara nyingi zina kobalti nyingi, madini inayochimbwa kwetu Lualaba na Haut-Katanga. Kuchimba tunajua. Elimu ya kuigeuza resori ndiyo inatungojea.

MAULIZO

1. Saa inachelewa sekunde 6 kwa siku. Kwa siku 30 itachelewa dakika ngapi?
2. Sababu gani turbiyoni inasaidia saa ya mfukoni kuliko ya mkono?
3. Silisiumu inashinda maadui gani, na udhaifu wake ni nini?